Nani alibuni hiki kigari cha Haflinger?

Mla_Vumbi:
Wakuu, heshima kwenu. Niko Austria kikazi. Jirani yangu, mzee mkulima, ana Steyr-Puch Haflinger ya mwaka 1962. Ukiiona utacheka: sinia la bati lenye viti viwili, juu ya tairi za inchi 12. Injini iko nyuma, pistoni mbili, cc 643, inapozwa kwa upepo. Lakini inapanda mlima wenye tope na magogo mgongoni! Nimechungulia uvunguni sioni chesesi, ile fremu inayobeba gari, naona bomba tu. Nani aliwaza hivi?

Spana_13:
Mkuu, hilo bomba ndilo chesesi. Kazi ya Erich Ledwinka, kwenye kiwanda cha Steyr-Puch mjini Graz, huko huko Austria. Baba yake ni Hans Ledwinka wa Tatra, kampuni ya magari ya Kicheki, aliyeunda Tatra 11 mwaka 1923: bomba katikati, injini ya pistoni mbili inayopozwa kwa upepo, na ekseli za nyuma zilizokatwa kati ili kila gurudumu licheze peke yake. Mtoto alichukua yote hayo, injini akaihamishia nyuma.

Shafti ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele imepita ndani ya bomba, jiwe haliigusi. Sasa chungulia nyuma ya gurudumu. Kuna gia pale, zinaiweka ekseli juu kuliko kitovu cha tairi. Ndiyo maana kitairi kidogo vile kinaacha kama sentimita 24 chini ya tumbo. Difu zote mbili, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, zina loki ya kuyalazimisha yazunguke pamoja; Land Rover za enzi hizo zilitoka kiwandani bila hiyo.

Kijana_wa_Gereji:
Acheni utani. Injini isiyofika nguvu za farasi 30 ibebe magogo?

Spana_13:
Dogo, gari zima lina kama kilo 600, na linabeba karibu uzito wake. Halihitaji nguvu nyingi, linahitaji gia nzito. Injini ni ya ukoo wa Steyr-Puch 500, ile iliyovaa bodi ya Fiat. Kwenye lami usiulize, malori yatakupigia honi. Waliiunda 1959 hadi 1974, majeshi ya Austria na Uswisi yakaitumia sana. Jina ni la farasi wa milima ya Tirol. Pinzgauer ya 1971, gari lililoifuata kutoka kiwanda hicho hicho, ni mtindo ule ule wa bomba, ila kubwa zaidi.

Mla_Vumbi:
Gia nimeziona kweli. Mzee kaniahidi usukani Jumamosi.

Spana_13:
Basi kona usiingie na mwendo, hasa ikiwa tupu. Ekseli za namna hiyo, gari likiinuka, tairi zinajikunja kwa ndani. Hapo ndipo ubunifu wa baba na mwana unapodai chake.