Tupeane uzoefu: viti na nafasi ya meza siku ya kuteua wachezaji wa ligi ya fantasia ana kwa ana

Mwanzisha mada

Ndugu wanachama, salamu kwenu nyote. Kwa misimu sita mfululizo nimekuwa msimamizi wa ligi ya fantasia yenye timu 12 (kila mmoja huunda timu ya kubuni ya wachezaji halisi na kupata alama kwa wanavyocheza uwanjani, na mchezaji akishateuliwa na mmoja hachukuliwi na mwingine), na kila mwaka kabla ya msimu kuanza tunakutana katika chumba kimoja na kuteua wachezaji ana kwa ana kwa mtindo wa nyoka, yaani anayeteua wa mwisho katika raundi ya kwanza ndiye anayefungua raundi ya pili. Tumewahi kubishana hadi usiku wa manane kuhusu alama za goli na za pasi ya goli, lakini sikumbuki hata siku moja tuliyojadili nani akae wapi na apewe meza kiasi gani. Nafungua mada hii kwa sababu ya jambo lililotokea msimu uliopita, ambalo mpaka leo halijanitoka moyoni.

Nilikuwa na meza mbili za mstatili, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 183 na upana wa sentimita 76. Nikaziunganisha ncha kwa ncha, nikaweka watu watano kila upande na mmoja katika kila ncha. Hesabu ilikubali: kila aliyekaa ubavuni alipata sentimita 73. Nilichosahau ni kwamba mtu wa tatu kati ya watano anakaa juu ya kiungo chenyewe, mahali ambapo miguu ya meza zote mbili inakutana. Mwenzetu aliyeangukia kiti hicho hakuweza kuingiza magoti yake chini ya meza, kwa hiyo alikaa ubavu saa zote. Isitoshe, meza moja ilikuwa juu kuliko ya pili kwa kadiri ya sentimita moja, na orodha yake ya wachezaji ililala juu ya kidaraja hicho huku ncha moja ikining'inia.

Katika raundi ya tisa orodha iliteleza ndani ya mwanya. Alipoinama kuitafuta, majina mawili yalitajwa. Alipoinuka zamu ilikuwa yake na saa inahesabu, akamtaja mchezaji aliyekuwa ametoka kuchukuliwa. Kanuni yetu inasema anayetaja mchezaji aliyekwisha kuteuliwa anasogezwa hadi mwisho wa raundi, nami nikaitekeleza. Hakulalamika. Wakati wa kukunja meza ndipo nilipoiona ile karatasi sakafuni, ina alama ya kiatu katikati ya majina aliyoyaandika kwa mkono. Nilimwadhibu mtu kwa kosa la meza niliyoipanga mimi mwenyewe.

Ninaomba uzoefu wenu. Je, mnapima nafasi ya kila mtu? Je, mnakaa kwa kufuata mpangilio wa zamu, au kila mmoja anakaa apendapo?

Mchangiaji wa kwanza

Pole, msimamizi, na ahsante kwa kulisema wazi. Sisi tulianza kupima baada ya ugomvi wa viwiko. Kompyuta mpakato ya kawaida ina upana wa takriban sentimita 36. Karatasi mbili za A4 zilizolazwa kando kwa kando zinachukua sentimita 42. Jumla ni sentimita 78, na hapo hujaweka kalamu, simu wala glasi ya maji. Ndiyo maana nafasi ya sentimita 60, ambayo inamtosha mtu anayekaa mezani kwa mazungumzo tu, haimtoshi mtu anayeteua.

Nilichofanya ni kukata kipande cha boksi chenye upana wa sentimita 80 na kina cha sentimita 50, nikaenda nacho chumbani siku moja kabla, nikawa nakilaza mezani kiti baada ya kiti. Pale ambapo kipande hakikukaa bila kupanda juu ya kiungo au kugusa eneo la jirani, kiti kiliondolewa. Tulipoteza viti viwili kwa njia hiyo na tukalazimika kuongeza meza, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia mwenzake asogeze mkono.

Mchangiaji wa pili

Mimi nitajibu swali la mpangilio wa zamu. Ligi yetu ina timu 12 na raundi 15, maana yake majina 180. Kwa sekunde 60 kila jina, kazi yote ni saa tatu kamili. Mwaka tuliokaa bila mpangilio tulitumia karibu saa tano, na sehemu kubwa ya muda huo iliishia katika swali moja: "Zamu ya nani?" Katika mtindo wa nyoka swali hilo ni la haki kabisa, kwa sababu mwelekeo unageuka kila raundi, mwenye namba 1 akishateua hurudi kwenye jina la 24, kisha la 25 papo hapo, na akiwa amekaa mahali popote tu chumbani ni rahisi kumsahau, au yeye mwenyewe kujisahau.

Mwaka uliofuata tulikaa kwa namba kuzunguka meza, kuanzia 1 hadi 12. Zamu ikawa inaonekana kwa macho: inakwenda upande mmoja hadi mwisho, inagota, inarudi. Mtu anaiona ikimjia tangu ikiwa viti vinne mbali, naye anaanza kujiandaa. Tulimaliza kwa saa tatu na robo. Kwangu mimi hakuna mpangilio mwingine unaostahili kufikiriwa.

Mchangiaji wa tatu

Naheshimu maoni ya aliyenitangulia, lakini mpangilio huo ndio ulioniumiza. Tafadhali fikirini: nikiwa na namba 7, mwenye namba 8 anateua baada yangu katika raundi za witiri, na kabla yangu katika raundi za shufwa. Yeye ndiye mpinzani wangu wa karibu kuliko wote, na ndiye mliyemweka sentimita chache kutoka kwenye orodha yangu. Nilikuwa nimemzungushia duara beki mmoja ambaye kwa makadirio ya wengi angechukuliwa raundi mbili baadaye. Jirani yangu alimtaja sekunde chache kabla ya zamu yangu. Siwezi kuthibitisha kwamba aliona duara lile, na sitamtuhumu; ila tangu siku ile nateua nikiwa nimekunja bega kama mtoto anayefunika daftari la mtihani, na furaha ya siku yenyewe imepungua.

Tulipata suluhisho ambalo linahifadhi faida ya mpangilio. Namba witiri zinakaa upande mmoja wa meza: 1, 3, 5, 7, 9, 11. Namba shufwa zinakaa upande wa pili. Zamu inavuka meza kwa kushona, huku na huku, na bado kila mtu anaiona ikija. Anayekaa ubavuni mwako si yule anayeteua mara tu kabla yako wala mara tu baada yako, na mpinzani wako wa karibu yuko ng'ambo, ambako orodha yako anaiona kichwa chini, akiiona kabisa.

Mchangiaji wa nne

Sisi tunacheza besiboli kwa mnada, na ningependa tusisahauliwe, kwa kuwa matatizo yetu ni tofauti. Katika mnada wa kawaida kila timu ina dola 260 za mchezo kwa ajili ya wachezaji 23, na kila mtu anaweza kupandisha bei wakati wowote. Hakuna zamu ya kusubiri isipokuwa ya kutaja jina la kunadiwa. Kinachohitajika ni kuonwa na kusikiwa na dalali. Kwa meza ndefu, dalali akiwa ncha moja, mtu wa ncha ya pili alipandisha bei mara mbili bila kusikika, na nyundo ikagongwa mchezaji akaenda kwa mwingine. Alikuwa ametunza fedha zake nusu ya mnada kwa ajili ya mchezaji huyo mmoja. Tulitumia dakika ishirini kubishana, hatukurudia mnada, na mwaka uliofuata yeye hakurudi.

Sasa meza zetu zinapangwa kwa umbo la herufi U, watu wote wakikaa upande wa nje, na dalali anasimama mdomoni mwa U ambapo macho yake yanafika kwa kila mmoja. Mwandishi wa bei ana meza yake ndogo pembeni. Wachezaji 276 si kazi ya kuandikia magotini.

Mchangiaji wa tano

Fupi tu: naandika kwa mkono wa kushoto. Niwekeni mwisho wa safu upande wangu wa kushoto, na kiwiko changu hakitamgusa mtu yeyote.

Mchangiaji wa sita

Ninatumia kiti cha magurudumu, na nimeshiriki ligi moja kwa miaka minne. Mara tatu nilikuta nimeachiwa ncha ya meza iliyo karibu na mlango, kwa nia njema kabisa, kwa sababu ndiyo mahali rahisi kufika. Lakini ncha ile iliupa mgongo ubao wa stika, yaani ule yanapobandikwa majina ya wachezaji waliokwisha kuteuliwa. Kwa raundi zote nilikuwa namuuliza jirani nani ameondoka na nani amebaki, naye, bila kukusudia, akawa anajua kila nafasi ninayoitafuta. Wengine walikuwa wanausoma ubao kimya kimya. Mimi nilikuwa natangaza mpango wangu kwa sauti.

Mahitaji yangu ni machache: meza ambayo chini yake ni wazi kwa kimo cha sentimita 70 hivi, isiyo na mguu wala ubao mbele ya magoti; njia ya sentimita 90 nyuma ya viti, ambayo pia itamsaidia anayekwenda kubandika stika; na waya za ekstensheni zipitishwe ukutani, zisikatize njia. Baada ya hapo naomba nichague kiti changu kama wenzangu wanavyochagua.

Mwanzisha mada

Nimesoma yote mara mbili, na nimebadilisha mpango wetu wa msimu huu. Tutatumia meza sita badala ya mbili, kwa umbo la U: mbili kila mkono na mbili kitakoni, watu wawili kila meza, wote upande wa nje. Kila mtu anapata zaidi ya sentimita 90 na hakuna anayekaa juu ya kiungo. Ubao utakuwa mdomoni mwa U, na mtu mmoja tu ndiye atakayebandika stika. Witiri watakaa nusu ya kulia, shufwa nusu ya kushoto, na ndani ya nusu yake kila mmoja atachagua kiti. Kura ya namba tutaipiga wiki moja kabla ili mwenye hitaji aseme mapema. Yule ambaye karatasi yake iliteleza nimempigia simu jana na kumwomba radhi, nikamwambia achague wa kwanza kabisa katika nusu atakayoangukia. Akauliza tu kama meza zitakuwa na kimo kimoja. Leo jioni ninakwenda chumbani na futikamba na kipande cha boksi cha sentimita 80.