Vitabu vya "kumfafanua" Lacan vinatuongezea giza tu

Wakuu, leo sinyamazi.

Nani alianzisha hii kasumba ya "Lacan ni mgumu, anza na wafafanuzi"? Niko umahiri, fasihi ya Kiswahili, nadharia yangu ni saikolojia changanuzi ya Jacques Lacan, yule mwanasaikolojia changanuzi wa Kifaransa. Msimamizi kanipa orodha ndefu ya vitabu vya ufafanuzi. Écrits yenyewe, mkusanyiko wa insha zake, haimo!

Nimevisoma. Ukiuliza kiashiria (neno au alama inayobeba maana) ni nini, unapelekwa kwenye ukosefu. Ukiuliza ukosefu, unapelekwa kwenye matamanio, na matamanio yanakurudisha kwenye kiashiria. Kasuku anamfundisha kasuku mwenzake, halafu tunaambiwa hiyo ni elimu.

Chukueni hatua ya kioo, insha ya Lacan kuhusu mtoto mchanga anayejitambua kiooni, aliyoisoma Zurich mwaka 1949. Haifiki hata kurasa kumi. Kitabu kimoja kimeiandikia sura nzima ya wanafalsafa tu: Hegel, Kojève, kisha Hegel tena. Mtoto hayumo! Kwa hasira nikafungua insha yenyewe, tafsiri ya Bruce Fink ya 2006. Kumbe mtoto yupo, tena mchangamfu: kutembea hajaweza, kusimama bado, kashikiliwa na mtu au yumo kwenye kigari cha kujifunzia kutembea, na bado anajivuta mbele aikamate taswira yake kwenye kioo. Baadaye kidogo anakuja njiwa jike. Ovari zake hazikomai mpaka aone njiwa mwingine, na akijiona mwenyewe kiooni inatosha! Halafu nzige, ambaye akiona umbo linalofanana naye, likicheza kama yeye, anaacha upweke na kuwa wa kundi. Yaani kuona taswira tu kunaweza kuugeuza mwili. Hapo ndipo nilipoelewa kioo kinatafuta nini kwenye nadharia hii. Katika orodha yangu yote, huyo njiwa sijamkuta hata kwa kutajwa.

Siwachomi wote. Muller na Richardson, kwenye mwongozo wao wa Écrits (1982), walifanya kazi ya maana: insha kwa insha, muhtasari, ramani ya hoja, kisha maelezo ya vifungu. Unasoma kidole kimoja kwao, kingine kwa Lacan. Ufafanuzi ndio huo. Na Lacan mwenyewe ana kesi ya kujibu, maana kwenye insha yake ya 1957 kuhusu herufi anakiri anapenda mlango wa kuingilia uwe mgumu. (Asante sana, mzee.)

Ila balaa lenyewe liko kwenye tasnifu zetu. "Lacan (1977) anasema...", yaani ile tafsiri ya Kiingereza ya Écrits. Fuatilia sentensi hiyo: ni ya mfafanuzi, naye kaichota kwa mfafanuzi mwingine, na aliyeinukuu hajawahi kuishika Écrits. Mtahini anapitisha, maana naye alipita njia hiyo hiyo.

Sasa kabla hujaja hapa kuniambia "ongeza bidii, dogo", taja kitabu, taja ukurasa, na useme ulikufungulia sentensi ipi ya Lacan. Kama huna ukurasa, pita kimya.