Nianzie wapi kuandika maisha ya baba, mwalimu mkuu mstaafu?

Binti wa Langoni
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Baba yangu ametimiza miaka 71. Kabla ya kustaafu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika kisiwa cha Pate, huku sisi tukiishi hapa mjini Lamu. Kaka zangu wameniomba niandike maisha yake ili wajukuu wayasome, lakini kila nikiketi naye hunitajia vituo alivyofanyia kazi na miaka ya uhamisho, kisha hunyamaza. Ninayemkumbuka mimi ni yule aliyekuwa akishuka gatini Ijumaa magharibi, suruali imekunjwa hadi magotini, na madaftari ya wanafunzi yamefungwa ndani ya mfuko wa plastiki yasirowe. Usiku huohuo, kabla hajala, aliyapanga madaftari yetu sisi watano kando ya taa ya chemli akayapitia moja moja. Nitamwandikaje mtu huyu asigeuke kuwa orodha ya vyeo?

Mwalimu Mstaafu, Malindi
Waaleikum salaam, binti yangu. Usimuulize maisha yake, muulize kazi yake. Muulize, kwa mfano, juu ya Januari 2003, ada za shule za msingi zilipofutwa. Mimi nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu wakati huo, na daftari la mahudhurio la darasa la kwanza lilijaa kabla wiki haijakwisha, tukalazimika kubandika karatasi za ziada kwa gundi. Vijana waliokwisha kubalehe waliketi mkeka mmoja na watoto wa miaka sita. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, 650 kati ya hizo zikiwa za vitabu na vifaa vya kufundishia, na mwalimu mkuu, ambaye hakusomea uhasibu, ndiye aliyetakiwa kuitolea hesabu kila shilingi. Ukimtajia mwaka atakujibu kwa mwaka. Mtajie madawati yaliyokosekana, uone atakavyozungumza.

Msomaji wa Shela
Dada, kaa naye barazani baada ya alasiri, simu ikirekodi, umuulize habari za maji. Chombo cha kwenda Pate hupitia Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, na maji yakikupwa hakipiti, kwa hiyo safari zake zote zilifuata bamvua na maji mafu, wala si saa ya ukutani. Usisahau kumuuliza pia kuhusu miezi ya kusi, bahari inapochafuka.

Bi Mkubwa, Mkomani
Mwanangu, na mama yako umemweka wapi? Siku tano za wiki ni yeye aliyewapeleka chuoni kusoma Kurani, aliyeitwa shuleni mlipokosa, na aliyeupanga mshahara wa mwalimu ukatosha nyumba mbili, ya hapa na ya kule alikopanga mumewe. Nasema kwa kuwa nami niliolewa na mwalimu aliyehamishwa visiwani. Muulize mama peke yake, baba asiwepo, kisha waulize wote wawili pamoja, maana watasahihishana, na mengi utayapata hapo.

Binti wa Langoni
Mwenyezi Mungu awalipe kheri nyote. Nimekwisha pata pa kuanzia. Jana alasiri nilimuuliza baba kuhusu Mkanda, akanieleza kwa karibu saa nzima walivyokuwa wakingoja maji, nahodha akipima kina kwa upondo, naye akihesabu dakika zilizobaki kabla ya kengele ya Jumatatu. Akasema kwamba katika miaka yake yote ya ukuu alichelewa kengele hiyo mara moja tu, kwa sababu chombo kilikwama mchangani. Mama, aliyekuwa ndani akipepeta mchele, alimjibu kupitia dirishani kwamba siku hiyo chombo hakikukwama hata kidogo, kilimwacha, kwani alikuwa amekesha akinibadilishia kitambaa cha maji kipajini kwa homa ya malaria, na hakuondoka hadi jasho liliponitoka alfajiri. Baba alitazama viatu vyake, wala hakukanusha.