Mrejesho: bega la kuvutia mshipi wa kuvulia samaki

Assalaam alaykum. Niliwauliza kama mzee wa umri wangu apasuliwe bega, kano ilochanika nikimvuta kolekole, yule samaki mkubwa, kule Nungwi, au niendelee kuchuliwa mafuta. Wengi mlinambia nipasuliwe. Nimepasuliwa, alhamdulillah.

Kano imeshonewa kwenye mfupa. Daktari kasema mkono ukae kwenye kitambaa wiki 6, kisha mazoezi. Kuvuta kizito si kabla ya miezi 4 hadi 6. Taabu hasa ni usiku, kulala chali siwezi, najiegemeza kwenye mito nusu nimekaa. Ngalawa anakwenda nayo kijana wangu, na ndoana anazipoteza kama anazitoa sadaka! Kaskazi ikiingia, daktari akiridhia, nitaanza na samaki wadogo, changu wa mwambani. Kolekole simgusi mwaka huu.