Mteja mwenye sonona hafanyi kazi za nyumbani za tiba

Swali: Wakuu, mteja ana alama 16 kwenye PHQ-9, dodoso la maswali 9 la kupima ukali wa sonona. Tunarejesha shughuli kidogo kidogo, lakini kila wiki anarudi hajafanya kitu. Nirekebishe wapi?

Jibu 1: Mara nyingi kazi huwa kubwa mno. "Fanya mazoezi" haitekelezeki kwa mtu asiye na nguvu hata za kuoga. Wiki ya kwanza mwache arekodi tu: saa, alichofanya, hali ya moyo 0 hadi 10. Humo utaona penye nafuu, tuseme 4 akiwa barazani na jirani, 1 akiwa kitandani saa tano asubuhi. Anzia hapo. Andikeni pamoja: "Jumanne saa kumi na moja jioni, natembea hadi dukani, dakika 10." Muulize nini kitamzuia, mpange njia mbadala kabla hajaondoka. Na mweleze wazi kwamba asisubiri hamu. Katika sonona kitendo hutangulia, hamu hufuata.

Jibu 2: Naongeza: usitazame jumla ya alama pekee. Swali la 9, lile la mawazo ya kufa au kujidhuru, likiwa juu ya 0, muulize waziwazi kuhusu kujiua: mpango, njia, lini. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Pia ulizia vipindi vya kuchangamka kupita kiasi na kulala kidogo bila kuchoka. Akiwa amevipitia, daktari wa akili amwone kabla ya kuanzishiwa dawa za sonona.

Aliyeuliza: Asanteni. Je, PHQ-9 nirudie lini?

Jibu 1: Kila baada ya wiki 2, maana maswali yake yanahusu wiki 2 zilizopita.