Serikali zinawabana wengine kwa sheria za akili mnemba, zenyewe zimejisamehe!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naomba niseme.

Siku hizi karibu kila serikali inataka kuonekana ina mkakati wa taifa wa akili mnemba. Jalada linang'aa, dibaji ya waziri, "fursa" na "ubunifu" kila aya. Sasa tafuta humo mahali panapoeleza mwananchi akionewa na mfumo wa serikali yenyewe aende kwa nani, apewe jibu ndani ya muda gani. Utatafuta mpaka uchoke. Makampuni yanaandikiwa masharti, sawa, yastahili. Lakini kampuni haiwezi kunikatia posho, kuninyima viza wala kuniingiza kwenye orodha ya washukiwa. Serikali inaweza, na ndiyo inayojiachia mlango wazi.

Na asije mtu hapa akasema hizi ni hofu za kufikirika. Yameshatokea, tena kwenye nchi zinazosifiwa kwa utawala bora.

Chukueni Australia na mfumo wa serikali yao wa kuwasaka waliolipwa posho za ustawi kupita kiasi, ulioitwa Robodebt, ulioanza kutumika kwa upana mwaka 2016. Ulichukua kipato cha mtu cha mwaka mzima, ukakigawa kwa 26 kupata wastani wa kila wiki mbili, kisha ukalinganisha na posho aliyolipwa. Basi. Mtu aliyefanya kazi miezi sita na kukaa bila kazi miezi sita akaonekana alikuwa na mshahara mwaka mzima huku akila posho. Anatumiwa barua ya deni. Akibisha, anaambiwa alete hati za mshahara za miaka iliyopita, kutoka kwa mwajiri ambaye huenda alishafunga biashara. Mnaona lilipo tatizo? Mashine inatuhumu, halafu mwananchi ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hana kosa! Ilipofika 2019 mahakama ikathibitisha kwamba deni la namna hiyo halikuwa halali, na mwaka uliofuata serikali ikaanza kurudisha pesa za watu. Kuna waliokwishajiua. Pesa gani itawarudisha?

Na ule wala haukuwa akili mnemba, ilikuwa hesabu ya kugawanya tu. Ndiyo maana napandwa na hasira nikiona wataalamu wa wizara wanabishana ni programu ipi iingie kwenye sheria na ipi ibaki nje. Kama inamwamulia mtu riziki yake, iingie. Imekwisha.

Uholanzi ndiyo usiseme. Mamlaka ya kodi ilitumia programu ya kupima nani ana dalili za udanganyifu kwenye posho ya malezi ya watoto, na mojawapo ya vigezo ilikuwa kama mwombaji ni raia wa Uholanzi au la. Familia zikaambiwa zirudishe makumi ya maelfu ya euro, nyingine kwa sababu ya fomu iliyokosa saini. Januari 2021 baraza zima la mawaziri likajiuzulu. Mark Rutte, waziri mkuu, akashinda uchaguzi uliofuata na kurudi kwenye kiti kilekile.

Uingereza mwaka 2020 mitihani ilifutwa kwa sababu ya korona, na programu iliyopewa kazi ya kupanga alama ilishusha karibu asilimia 40 ya alama za A-level (mitihani ya kumaliza sekondari) za England chini ya makadirio ya walimu. Boris Johnson, waziri mkuu wa wakati huo, akaenda mbele ya wanafunzi akailaumu programu. Kwani ilijiajiri yenyewe?

Sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kuwa na nguvu Agosti 2024, inasifiwa kuliko zote. Kampuni ikikiuka makatazo yake makubwa inaweza kupigwa faini hadi euro milioni 35 au asilimia 7 ya mauzo yake ya dunia nzima. Nikapiga makofi. Halafu ukisoma vizuri, matumizi ya kijeshi na ya usalama wa taifa yako nje kabisa, na suala la kama taasisi za umma zitozwe faini limeachiwa nchi zenyewe ziamue. Yaani mtuhumiwa ajipangie adhabu.

Marekani nako kulikuwa na amri ya rais ya Oktoba 2023 kuhusu akili mnemba. Januari 2025 akaja rais mwingine, akaifuta siku ileile aliyoapishwa. Ulinzi wa raia unaofutika kwa saini moja ni ulinzi gani?

Wanaosema haiwezekani waangalie Kanada. Tangu 2019 kuna agizo linalozitaka idara za serikali kupima madhara ya mfumo kabla ya kuuwasha, kuchapisha matokeo, na kumweleza mwananchi kwa nini umeamua hivyo. Lina mapungufu, usalama wa taifa nalo limeuacha nje, lakini angalau linaanza na serikali yenyewe.

Sitaki mkakati mwingine. Nataka orodha ya wazi ya kila mfumo unaoamua mambo ya wananchi, nani aliuuza na nani aliuidhinisha, kwa jina na cheo. Nikienda dirishani nikaambiwa "mfumo umekataa", nipewe sababu kwa maandishi na mtu mwenye mamlaka ya kuutengua uamuzi huo siku hiyohiyo. Na deni lolote lililotolewa na mashine lisidaiwe mpaka serikali ilithibitishe yenyewe.

Humu kuna watumishi wa umma, najua. Nyie mnaokaa upande wa pili wa dirisha, semeni: mfumo ukikosea, ofisini kwenu nani ana ruhusa ya kuubatilisha?