Binokula mpya inanionyesha Mawenzi mbili, nifanyeje?

Kijana wa Pasua: Wakuu habari za jioni. Nasomea kuongoza watalii hapa Moshi. Nimejinyima miezi minne, nikaagiza binokula 10x42 (inakuza mara kumi, lenzi ya mbele milimita 42) duka moja Arusha, ikaja na basi. Leo saa kumi na mbili asubuhi mlima Kilimanjaro ukiwa wazi nikaielekeza kwenye vilele: Kibo mbili, Mawenzi mbili, moja imekaa juu kidogo ya mwenzake. Nikikaza macho dakika kadhaa zinaungana, ila nikiishusha kichwa kinagonga. Nikifumba jicho moja, kila upande uko safi kabisa. Nasikia chini ya mpira kuna skrubu ndogo ya kusawazisha picha, na bisibisi ya saa ninayo. Nizungushe? Duka limenipa siku saba kurudisha.

Mzee wa Kihamba: Kabla ya skrubu, tuambie mbege ulikunywa saa ngapi 😂

Mama Tai: Mdogo wangu, anza na bawaba ya katikati. Ifungue na kuifunga hadi uone duara moja tu. Yale maduara mawili ni ya kwenye sinema. Kisha ziba lenzi ya kulia, tafuta ung'avu kwa gurudumu la katikati. Halafu ziba ya kushoto, na kulia urekebishe kwa kipete cha kwenye jicho, gurudumu usiliguse.

Kijana wa Pasua: Nimefanya, dada. Duara moja, vilima bado viwili.

Fundi Vioo: Basi prizimu, kile kioo cha ndani kinachogeuza picha, imehama, pengine kwa kugongwa njiani. Hakikisha hivi: iegemeze kwenye gunia la mchele, lenga mgongo wa paa ulio mbali, mita mia na zaidi, halafu rudisha kichwa nyuma taratibu kama shubiri moja. Hapo ubongo unashindwa kuziunganisha picha. Mstari wa paa ukiwa juu upande mmoja na chini upande wa pili, jibu unalo. Fanya asubuhi, mchana joto la mabati linachezesha picha.

Macho yamezoea kuingia ndani, kama unaposoma karibu, kwa hiyo kosa dogo la upande huo huvumilika. Jicho moja kupanda na lingine kushuka hayajazoea. Ndiyo hicho kichwa chako.

Dogo Safari: Mimi yangu nilizungusha robo tu ikakaa sawa, msimtishe.

Fundi Vioo: Ikakaa sawa kwa upana wa macho yako. Mgeni akibadilisha bawaba, picha inaweza kuachana tena. Na skrubu zikishachubuka, muuzaji atakwambia umeiharibu mwenyewe. Kijana, weka bisibisi kabatini.

Kijana wa Pasua: MREJESHO. Paa la jirani: kushoto juu, kulia chini, bila ubishi. Nimepanda basi hadi Arusha, binokula mapajani. Muuzaji akaanza, "macho yako ndiyo mabovu." Nikamwomba aangalie nguzo ya umeme ng'ambo ya barabara. Akanyamaza. Alinitolea nyingine, nayo ikawa na kasoro kidogo! Ya tatu nikaijaribu kwenye kilele cha Meru mpaka foleni ikanuna. Nimechukua 8x42, picha haitikisiki sana kama kwenye 10. Dada Mama Tai, bawaba nilikuwa naiacha wazi mno kweli.

Mzee wa Kihamba: Kwa hiyo mbege haikuhusika. Naomba radhi.